Mboga za Tereza na Pumzi ya Marehemu Herman Agapiti

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo, Herman Agapiti, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 hapa Ushirombo, mtoto wa tatu wa mzee Agapiti na mama Paskalina, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alilia kwa sauti ya ndama, kumbe anajitabiria kazi.

Alisoma shule ya misheni akaishia darasa la nne mwaka 1963, alipokua akaenda Maganzo kuwachinjia wachimba almasi, na mwaka 1974 akarudi kufungua bucha sokoni, na nyama ya kwa Herman haikuwahi kulala.

Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Tereza, Mungu akawajalia Evance, Jenifa na Asteria.

Mwaka 2009 miguu ilimvimba, akawa hafiki kanisani bila kuketi njiani, daktari akamwambia moyo umeelemewa, apunguze chumvi, azidishe mboga, naye akarudi anacheka, maana kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali, na mboga yake yeye ilikuwa nyama, basi akazidisha, asubuhi supu, mchana maini, jioni mbavu, mpaka Februari 2010 akarudishwa hospitali anahema kwa taabu, na Tereza, baada ya kuitikia shikamoo ya daktari, akamuuliza, mwanangu, ni mboga gani hiyo inayomaliza watu, ndipo akajibiwa, majani, mama, majani na maharage.

Tangu hapo nyumba ile ikala nsansa, yale majani ya kunde ya kukausha, na mlenda, na choroko, na dawa zake hakuziacha, wateja wakamtania muuza nyama anayeogopa nyama yake, akawaambia ng'ombe anakula majani maisha yake yote na moyo haumsumbui, kinachomuua ni mimi. Ndugu nao wakanong'ona kwamba Tereza anamnyima mumewe nyama, hata wakaitisha kikao, Herman akasimama akasema, huyu mnayemsema ndiye anayenipa pumzi ya kuwajibu.

Pumzi hiyo ilimfikisha miaka kumi na tano mbele, akamtembeza Jenifa hadi altareni, akapakata wajukuu, mpaka moyo ulipochoka mwezi Mei, akafariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2025, mkono wake mkononi mwa Tereza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta matita ya majani hata kiangazi, na wachinjaji wenzake mliobeba jeneza, na wewe Tereza, familia nzima iliyoketi kwenye kikao kile inasema asante mbele ya watu.

Baba Evance, umepumua vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.