Shuka la Watu wa Yoga

Mbele yangu kwenye basi waliketi mjane na wifi yake. Mjane alikuwa ametoka kwenye darasa la yoga.

"Mwishoni tunalala chali, kimya kama maiti," alisema. "Mwalimu anatufundisha kuachilia. Leo nimelia, wifi, mpaka mama mmoja akanifunika shuka lake."

Wifi aligeuka mzima mzima. "Kumwachilia kaka yangu? Tangu tumzike hujadondosha chozi mbele yangu, leo unawamwagia watu wa mikeka!"

"Kwako nitaliaje? Nikianza tu, unalia kunishinda. Naishia kukubembeleza mimi."

Nilitazama dirishani, maana kucheka msiba wa watu ni vibaya. Lakini nilikuwa nimeona kwamba hata kwa hasira zile, wifi alikuwa bado ameupakata mkoba wa mwenzake, na kwa mkono mwingine anamkinga jua.

"Huyo mama alimjua marehemu?"

"Wala."

"Basi alikufunika kwa haki gani?"

"Aliniona natetemeka."

"Shuka lenyewe zito?"

"La kawaida tu."

"Mimi nina blanketi," alisema wifi, na basi likasimama.