Matanga ya Tivi

"Nani ametuacha?" Mzee Chege aliuliza hivyo jana alasiri, amesimama mlangoni kwa jirani zake na mzigo wa kuni za matanga begani. Priscillah hakuwako. Alilisikia swali hilo leo kwenye gari la kwenda mjini Litein, kutoka kwa dada na kaka waliokaa mbele yake, wakisimulia yaliyotokea kwao. Priscillah, mjane, alikuwa akiomba kimya, kwa hiyo masikio hayakuwa na kazi.

"Lakini Gichana, ule mchezo wa kuimba kwenye tivi ulikuwa mtamu," dada mtu alisema. "Dunia nzima inausifu."

"Mtamu wapi, Bonareri? Mtu anataka maji, anaimba. Anapigwa risasi, anaimba beti nne! Na wewe umefungulia tivi sauti mpaka mwisho, unalia na leso. Mzee wa watu angefikiria nini?"

"Si ungemwambia ni tivi?"

"Nilimwambia. Akasema kuni za matanga hazirudi kwake, ni kuita kifo. Sasa ziko mlangoni, kila mpita njia anavua kofia. Leo utawaeleza wewe."

"Niseme nililia kwa sababu ya wimbo?"

Priscillah aliuma mdomo asicheke. Mumewe alipofariki kweli, kuni zilichelewa siku tatu.

Gari likasimama Litein. Mama mmoja wa kanisa lao akaingiza mkono dirishani, akaushika wa Bonareri. "Pole sana, dada. Sufuria tumeshapeleka kwenu. Sasa, marehemu ni nani?"

Bonareri akamgeukia kaka yake. Gichana alikuwa ameshafungua mlango. Akashuka, akavaa kofia, akaenda zake.