Maisha ya Thozama, Aliyepigania Dawa Iliyokuwa Nyumbani Kwake

Thozama Gcilishe alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Ngcobo, mtoto wa kwanza wa Mama Nontuthuzelo na marehemu Baba Siphiwo. Mimi ni mdogo wake, Bulelwa. Wazee wameniomba niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Wanisamehe, sitaandika hivyo.

Alisoma hadi darasa la nane, akaacha baba alipofariki. Mwaka 1987 alikuja Cape Town akapata kazi ya kushona mashati kiwandani Salt River. Mikono yake ilikuwa myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Msimamizi alimhamisha meza kila mara, na kila alikohamia, vicheko vilihamia huko.

Mwaka 1993 aliolewa na Lungile, dereva wa malori bandarini. Walijaliwa Anathi, Sibabalwe na kitinda mimba aliyefariki mwaka 1999 akiwa bado ananyonya. Hapo ndipo dada alipopima na kukuta ana virusi vya Ukimwi.

Hakujificha. Alivaa ile fulana yetu ya maandamano, iliyoandikwa kifuani "NINA VIRUSI", akaingia nayo kanisani. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, unatuvua nguo!" Akajibu, "Mama, mbona mimi ndiyo kwanza nimevaa?"

Hospitali za serikali hazikuwa na dawa. Dada aliandamana, na jioni aliwafundisha majirani wa Khayelitsha kuzitambua dawa ambazo hatukuwa nazo, kwa rangi na kwa umbo, ili siku zikija tusidanganywe. Mwaka 2002 wapiga filamu walikuja kurekodi mapambano hayo, wakamhoji jikoni kwake akipika mahindi na maharage.

Mwezi Agosti filamu ilionyeshwa ukumbini kwetu. Kwenye skrini dada alikuwa anazungumza, na nyuma yake shemeji Lungile, akidhani kamera haimfikii, akamimina kiganjani vidonge kutoka chupa ya vitamini. Vyeupe, vyenye mstari wa buluu. Ukumbi mzima ulivijua.

"We Thozama!" mama mmoja alipaza sauti. "Dawa unazo, halafu unatuimbisha barabarani?"

Dada alimgeukia mumewe. "Kampuni yenu inatoa dawa?"

"Inatoa."

"Na kwa wake?"

"Na kwa wake." Shemeji aliinamisha kichwa. "Ningekuandikisha, ungejua ni mimi niliyekuletea virusi."

"Lungile, mimi nilijua siku nyingi. Nilikuwa nakusubiri useme."

Serikali ilitutupa, na hilo tulishalizoea. Lakini huyu alikula sahani moja naye, akamtazama akikonda. Inaniuma, na leo siwezi kuificha.

Alianza dawa Septemba, mwili ukiwa umeshachoka. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua Jumatatu, tarehe 11 Novemba 2002, akiwa na miaka thelathini na minne.

Mungu ampe dada yetu pumziko alilonyimwa. Ameacha mama, mdogo wake, watoto wawili, na mume, Lungile, aliyeketi hapa mbele, ambaye afya yake ni njema kabisa.