Shangazi na Nusu Milimita

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kugeuza mawe mkononi, fundi sanifu mkuu wa chumba cha kokoto katika maabara yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwenye faili lake kuna majina matatu kamili. Hapa kazini tunamwita Shangazi, kwa jinsi anavyokagua kila kinacholetwa mbele yake kama vile ni mchumba wa mtoto wa kaka yake.

Mpaka mwezi uliopita makala hii ilikuwa rahisi kuandika. Ilikuwa isifie, ishukuru, iombe kila mtu asimame apige makofi. Kisha Shangazi akagundua jambo kwenye bamba lake la chuma, na kazi ya mtu mmoja huko machimboni ikawa inategemea kama atasema au atanyamaza. Tutafika huko.

Kwanza tuwatoe gizani wenzetu wa mapokezi na masjala, ambao kwa miaka yote hii wamepita dirishani kwake wakidhani anacheza. Jiwe la barabara linatakiwa kuwa na unene wa maana kila upande. Likiwa bapa kama kigae hulala ubavu, lori likipita juu yake huvunjika, na lami huanza kumeguka kabla rangi ya mistari haijafifia. Kwa hiyo mkandarasi akileta kokoto, huchekechwa na kupangwa kwa ukubwa, halafu kila jiwe, moja moja, hujaribiwa kwenye tundu jembamba la bamba la chuma. Linalopita ni bapa. Yaliyopita yote hupimwa uzito, na yakizidi sehemu thelathini na tano katika mia, lundo zima linakataliwa. Hakuna njia ya mkato. Digrii, mhandisi wetu kijana anayekikalia kiti chake kuanzia Jumatatu, alijaribu kukokotoa ni mawe mangapi yamepita mkononi mwa Shangazi. Alipofika milioni nne akaulizwa kama amehesabu au amekisia, akafunga daftari.

Shangazi aliajiriwa kuosha sampuli. Hakuwa na cheti cha kokoto wala cha kitu kingine chochote kigumu. Aliyemfundisha ni fundi mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye hakupenda maswali ila alipenda vifaa. Alimwonyesha namna ya kulimwaga lundo, kulisawazisha, kuligawa robo nne na kuchukua mbili zinazotazamana. Alimwonyesha namna ya kuhakiki bamba kila mwaka kwa kalipa, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia upana, akimsisitizia apime pembeni mwa tundu, kule kwenye nafasi, asije akaikwaruza kalipa ya serikali. Vyeti vilikuja baadaye, na kila chuo alichopelekwa alirudi akisema wamemfundisha mambo aliyokuwa anayafanya, ila wao wanayaandika kwa herufi kubwa.

Wakandarasi wanamkumbuka kila mmoja kwa maumivu yake. Yupo aliyeleta mfuko wa kokoto nono, za mviringo, zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja. Matokeo yakasoma nne katika mia, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani. Shangazi hakugombana naye. Alivaa buti, akamwambia, "Haya yamechaguliwa, baba. Sasa nipeleke nikaonane na ndugu zao." Ndugu zao walisoma arobaini na sita.

Digrii naye ana kisa chake. Wiki yake ya kwanza alimaliza trei nzima kwa dakika ishirini, akatoka kifua mbele. Shangazi akamtazama kidole gumba kilivyokuwa chekundu. "Unasukuma," akamwambia. "Jiwe halisukumwi, mwanangu. Ligeuze huku, ligeuze kule, likitaka kupita litapita lenyewe. Rudia." Alirudia mara tatu. Tunasikia hata nyumbani mambo ni hayo hayo. Mumewe, Mwalimu, anasema ameacha kwenda naye sokoni tangu muuza viazi alipopaza sauti mbele za watu: "Mama, hivi ni vya kula, si vya kujengea!"

Sasa tufike kule.

Mwanzoni mwa mwezi huu Shangazi alianza kusafisha vifaa vyake ili amkabidhi Digrii. Bamba alilisugua kwa brashi, akalifuta mafuta, akaliinua dirishani kuona kama limebaki vumbi. Mwanga ukapita kwenye tundu la milimita saba nukta mbili, lile la kokoto za kawaida za lami, ambalo ndilo linalofanya kazi kuliko yote. Tundu lilikuwa limevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya.

Alichukua kalipa. Pembeni: saba nukta mbili, sawasawa, kama kadi ya uhakiki ukutani ilivyosema mwaka baada ya mwaka kwa saini yake mwenyewe. Katikati, pale ambapo mikono yote hupitisha mawe: saba nukta saba. Kwa miaka kumi na miwili, tangu liliponunuliwa, bamba lile limekuwa likiliwa na mawe taratibu, na kwa miaka kumi na miwili limekuwa likipimwa mahali ambapo jiwe halijawahi kupita.

Nusu milimita ni unene wa kucha. Lakini maana yake ni kwamba jiwe zuri, nene la kutosha, lilikuwa linateleza na kuitwa bapa. Mtu ambaye jina lake lote limejengwa juu ya kutomwonea huruma mtu, kumbe alikuwa anawaonea watu.

Akaketi kwenye stuli yake. Kisha akasema jina moja: Kofia.

Kofia ndiye msimamizi wa mtambo wa kusaga mawe katika machimbo ya upande wa kaskazini, anaitwa hivyo kwa sababu hata ofisini haivui kofia yake ya kazi. Miezi minane iliyopita lundo lake lilisoma thelathini na saba. Lilikuwa la pili kukataliwa, na mwajiri wake hakungoja la tatu. Alimwondoa kwenye mtambo na kumweka getini, ahesabu malori. Kabla ya kukubali geti, Kofia alikuja mwenyewe hapa, akasimama mlangoni kwa Shangazi. "Mashine sijaigusa, Shangazi. Sauti yake ni ile ile. Kuna kitu." Naye Shangazi, bila kuinua kichwa, akamjibu, "Kitu chenyewe kinaitwa bapa." Tuliokuwepo tulicheka sana. Tulilirudia neno lile kantini kwa mwezi mzima.

Shangazi akaenda kwa Mkuu wa maabara na bamba kwapani. Mkuu ni mtu wa busara, na busara yake ilikuwa hivi: zimebaki wiki tatu, wakaguzi wa cheti chetu wanakuja mwezi huu huu, keki imeshaagizwa, na zaidi ya yote, hakuna barabara iliyowahi kuharibika kwa sababu ya jiwe zuri lililokataliwa. "Umekosea upande salama, Shangazi," akamwambia kwa upole. "Bamba tulitupe, tununue jipya, basi."

"Salama kwa nani?" akauliza Shangazi. "Nenda kamwambie Kofia pale getini kwamba yuko upande salama."

Mkuu akasema atalifikiria. Shangazi hakungoja alifikirie. Aliazima bamba jipya kutoka maabara ya chuo, akalipima katikati mara tatu, akafungua stoo. Kila lundo linalokataliwa huwa tunahifadhi nusu ya sampuli yake kwa mwaka mmoja, ndani ya mifuko yenye lebo, kwa ajili ya mabishano ambayo hayajawahi kutokea kwa sababu hakuna aliyethubutu kubishana naye. Mifuko ilikuwa kumi na moja. Kwa siku tisa alijaribu jiwe moja moja, na Digrii akiandika. Hakukubali asaidiwe kugeuza hata jiwe moja. Kadi ya wageni wa sherehe ililetwa aisahihishe, akaitumia kukingia vumbi.

Kati ya sampuli kumi na moja, nane zilikataliwa tena. Mkandarasi mmoja aliyekuwa na hamsini na nane alishuka hadi hamsini na tatu, akapiga simu kushangilia. Aliambiwa jiwe lake linaweza kupita hata chini ya mlango. Lakini tatu zilikuwa nzuri. Mbili za mwisho kujaribiwa zilikuwa za Kofia. Ya kwanza ilisoma thelathini na sita: mbovu, kwa haki kabisa. Ya pili, ile iliyomwondoa kwenye mtambo, ilisoma thelathini na tatu.

Barua aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, bila neno "inasikitisha". Alisema kipimo kilikuwa na kasoro, kwamba aliyekihakiki ni yeye, na alikihakiki mahali pasipostahili. Alitaja sampuli tatu. Kisha akaongeza sentensi ambayo Mkuu alimwomba aiondoe: "Matokeo yaliyozidi mwaka mmoja sampuli zake hazipo, siwezi kuyajua, na sitajifanya ninayajua." Haikuondolewa.

Nakala ya Kofia hakuituma kwa tarishi. Tulikwenda naye kwa gari la maabara. Kofia alitufungulia geti, akaandika namba ya gari kwenye daftari kwanza, maana kazi ni kazi, ndipo akapokea barua. Aliisoma amesimama. Aliisoma tena.

"Miezi minane, Shangazi."

"Miezi minane."

"Nilikuwa nimeanza kudhani nimekuwa kiziwi. Nalala nikiusikiliza ule mtambo kichwani, nautafuta ulipokosea."

"Haukukosea. Nilikosea mimi, halafu nikakucheka."

Kofia hakusema amesamehe, na Shangazi hakuuliza. Kofia alikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaenda nayo moja kwa moja kwa bosi wake huku malori mawili yakipiga honi getini hayana wa kuyahesabu.

Wakaguzi walikuja wiki iliyofuata. Waliisoma barua, wakaandika kwenye ripoti yao kwamba kasoro "iligunduliwa na kutangazwa na maabara yenyewe", na wakatuongezea muda wa cheti. Mkuu alilisoma fungu hilo kwenye kikao kwa sauti nzito na ya kuridhika, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika yeye. Kadi mpya ya uhakiki ukutani sasa ina safu tatu: kushoto, kulia na katikati. Ya katikati imepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na tunaujua mwandiko.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kukosea. Shangazi aliiomba aisome, akairudisha sentensi hiyo ikiwa imekatwa. Pembeni aliandika kwamba mkitaka kumsifu mtu, mpimeni vizuri kwanza. Tukampima upya, na hapa ndipo alipofikia.

Ijumaa kutakuwa na keki, hotuba tatu na zawadi ambayo hatuisemi. Kofia alialikwa, kiti cha mbele. Jana ametuma ujumbe kwamba hatafika: tangu Jumatatu amerudishwa kwenye mtambo, wanasaga kokoto za barabara ya hospitali, na hawezi kuiacha mashine mikononi mwa mtu mwingine. Tulidhani Shangazi atavunjika moyo. Alisoma ujumbe ule mara mbili, akatuambia hotuba ya kwanza imeshasomwa, na kiti kile asikalishwe mtu.

Asante kwa kazi, Shangazi, na asante zaidi kwa siku zile tisa. Wewe na Mwalimu mpate afya, mpate usingizi, na mkiamka pasiwe na lundo linalowangoja.