Mluguru Aliyelinda Kisima cha Mbweleni

Haya ndiyo maisha ya babu yetu, Jastin Petro Mkude, bwana miti, kama alivyotusimulia mwenyewe.

Babu alizaliwa Mgeta tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Petro Mkude. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, akaendelea na sekondari Morogoro mjini, kisha akasomea misitu.

Mwaka 1982 alipangiwa kazi Mbweleni, kijiji cha pwani. Hapo kilima cha mchanga ndicho kilichotenganisha bahari na kisima pekee cha maji matamu, na kila dhoruba ilikimega. Babu akachukua jembe, akakichonga ngazi kama shamba la mlimani kwao Mgeta! Haikuisha wiki, upepo ukazifuta zote. Rafiki yake Abdulatif alicheka hadi akakaa chini: "We Mluguru, hapa hatulimi njegere!" Babu akaanza upya: uzio wa makuti wa kunasa mchanga, majani yanayotambaa, njia moja tu ya watu. Kuwazuia wachimba mchanga ndiko kulikomchukua miaka.

Alifunga ndoa na bibi yetu Magreth tarehe 7 Septemba 1985. Alistaafu 2016, wakahamia Kihonda, Morogoro.

Figo zilianza kumsumbua 2023. Kimbunga kilipopiga pwani tarehe 4 Mei 2024, alikuwa kitandani, na simu za Mbweleni hazikupatikana siku mbili. Hakula. Nilimuuliza kwa nini hawakujenga ukuta.

"Wimbi likigonga ukuta, mjukuu wangu, linaondoka na mchanga wa chini yake. Kilima kinatoa kidogo, baadaye bahari inakirudishia."

"Inarudisha kweli?"

"Mkikiacha kipumue."

Jumatatu Abdulatif akapiga. "Mluguru! Mbele kimekatwa kama mkate, lakini kimesimama! Nakunywa maji ya kisima hapa, hayana chumvi!"

"Msijaze kifusi," babu akasema. "Rudishieni makuti tu." Halafu akaomba uji.

Bibi akaguna: "Siku mbili nakubembeleza, kumbe dawa yako Abdulatif!"

Babu alifariki alfajiri ya tarehe 11 Mei, usingizini, uso umetulia.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na kilima kimoja. Babu Abdulatif yuko nasi leo hapa mazishini; amekuja na chupa ya maji ya kisima. Wajukuu wote tumeyaonja. Ni matamu kweli, babu. Sasa pumzika.