Bwana Tarehe wa Vituo Ishirini na Vitatu

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu, mimi mdogo wake ninayemfuata, na mtanivumilia nikisoma kwa ukali, maana kulia nimelia vya kutosha, iliyobaki ni hasira.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza shule ya msingi 1983, sekondari 1987 na chuo cha ufundi 1990, kisha akawa anafungua redio za watu mtaani na, tuseme ukweli, mara nyingine kuzifunga tena.

Tarehe 3 Februari 1997 aliajiriwa idara ya maji, chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, kazi yake ikiwa kutuma ratiba za pampu kwa mtandao kwenda kwenye kompyuta za vituo ishirini na vitatu, kompyuta zilizonunuliwa mwaka huohuo na ambazo hazijabadilishwa mpaka leo. Betri zao za ndani, ndogo kama kifungo cha koti, zilishakufa, hivyo umeme ukikatika saa ya kompyuta inarudi mwaka 1980, ratiba ikifika inaonekana ni ya miaka arobaini mbele, inakataliwa, pampu hazizunguki, na mtaa mzima unaamka mabomba yakikoroma. Basi kila asubuhi kaka alipiga simu kituo kimoja kimoja kuuliza kompyuta inasema leo ni tarehe ngapi, akamwelekeza mhudumu airekebishe, akatuma upya, hata wakamwita Bwana Tarehe. Kila Januari, kwa miaka tisa, aliandika barua ya kuomba betri mpya, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Tarehe 9 Juni 2001 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na huyohuyo Bwana Tarehe, jamani, hakuikumbuka siku ya ndoa yake hata mwaka mmoja.

Januari 2022 alikutwa na tatizo la moyo, akapangiwa upasuaji tarehe 9 Mei, umeme ukakatika, akaahirisha, akapangiwa 13 Juni, akaahirisha, 18 Julai vilevile, nikamfokea mpaka sauti ikakauka, naye akanijibu kwamba akilala yeye watu hawataoga. Alifariki tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi, mezani kwake, simu ikiwa sikioni.

Kesho yake idara ilimtuma fundi na mfuko wa betri, akazunguka vituo vyote, na jana saa tisa alasiri alikuwa amemaliza. Siku mbili tu!

Tunamshukuru daktari aliyempangia mara tatu bila kuchoka, majirani ambao hawajamwacha wifi peke yake, wahudumu wa pampu mliokuja nyote kwa sababu leo vituo vinajiendesha, na viongozi wa idara mliokaa safu ya mbele, nanyi tunawashukuru kwa shada la maua.

Kaka, simu yako ninayo mimi, vituo viliendelea kuipigia kuuliza tarehe, na tangu jana saa tisa haijalia hata mara moja. Pumzika kwa amani, sasa wamekuruhusu.