Mambo Mengine Yote Yakibaki Vilevile

Kamwene, ndugu zangu. Mwenyekiti kanipa muda mfupi na nitajitahidi nisiumalize vibaya. Sikutaka kusimama. Hadi asubuhi hii nilikuwa najiuliza kama mtu aliyefaulu kwa kusukumwa ana ushuhuda wowote wa kutoa.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye ninayewaandikia maombi ya mikopo kwenye chama chetu cha akiba hapa Mlandege. Kazi hii niliipata kwa form four ya kukwaruza na kwa kuaminiwa. Kisha ikaja kanuni kwamba anayekaa kwenye kiti hiki awe na cheti cha mambo ya fedha, asiye nacho ampishe mwingine. Sisemi ilikuwa ya uonevu. Akiba ni zenu, mna haki ya kutaka anayezielewa. Ila mimi ndiye niliyekuwa na watoto shuleni, na mume ambaye mgongo wake haumruhusu tena kubeba kitu.

Nikajiandikisha chuo kimoja Mbeya, masomo ya likizo. Mengine nilipita. Nadharia ya uchumi ikanikamata shingo.

Nawaambia, sikushindwa kwa uvivu. Nilishindwa kwa ubishi. Kila kanuni ya somo lile inabeba maneno yaleyale: mambo mengine yote yakibaki vilevile. Bei ikipanda watu watanunua kidogo, mambo mengine yote yakibaki vilevile. Mimi nikawa najiuliza, yalibaki vilevile wapi? Nani hapa aliwahi kupunguza mchele wa msiba kwa sababu bei imepanda Rujewa? Basi kwenye mtihani, badala ya kujibu, nikaandika habari za msiba. Nikaongeza mvua, ada za shule, na mashemeji wanaofika bila taarifa. Niliona nikiacha hata kimoja nitakuwa nimeonea mtu. Nikafeli. Nikarudia, nikafeli tena, na safari hiyo nilikuwa nimeomba karatasi ya ziada.

Chekeni tu, mume wangu naye alicheka. "Mama, wamekuuliza bei, wewe umewajibu ukoo mzima."

Nilichoka. Nilikuwa nasoma sentensi, naifikisha mwisho, sijui ilianzaje. Nikaanza kumfundisha kazi yangu dada wa pale kaunta, ili nikiondoka msisumbuke. Alijua kwa nini namfundisha.

Chuo kiliniruhusu kurudia mara ya mwisho. Nilifikia kwa mwanafunzi mwenzangu, mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitenge kule Mbeya. Nisimpambe kupita kiasi, yeye mwenyewe alikuwa amefeli hesabu na mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza. Siku hiyo nikamwambia wazi dukani kwamba vitabu vinadanganya, mambo hayabaki vilevile. Alikuwa anamkatia mteja kitenge, hata macho hakuinua.

"Shika ncha hiyo, dada."

Nikashika.

"Kitingishe. Haya, pima sasa."

Nikasema hivi hakipimiki.

"Nani alikwambia kitambaa hakitembei? Ukishakivaa tembea nacho mpaka Tunduma. Wenye mtihani wanakuomba ukitulize kidogo wapime. Wewe kutwa unatingisha, halafu unalia umefeli."

Mteja akauliza kama anakatiwa kitenge au amekuja darasani.

Lile neno lilinikaa. Siku ya mtihani swali likaja lilelile kwa sura nyingine. Nikaandika kwanza walichouliza, kifupi, kwa Kiingereza changu hichohicho. Ndipo nikaachia jambo moja litembee, nikaeleza linabadilisha nini. Kisha lingine. Msiba niliutaja, ila mwisho. Nilipita. Kwa alama za chini, siwafichi, lakini kiti sikumpisha mtu.

Mtaniuliza somo hilo limetusaidia nini hapa chamani. Msimu wa mavuno mwenzetu mmoja aliomba mkopo anunue mpunga Rujewa, auweke, auze bei ikipanda. Nikamuuliza, "Na wenzako wote wakiweka kama wewe, bei itapanda?"

"Kwa hiyo umesoma ili utunyime?"

Sikumnyima, kamati ilimpa nusu. Na kwa haki niseme mbele yake, maana yupo: bei ilipanda. Angepata zaidi. Kwa hiyo msidhani nadharia inaona kesho. Mimi imenisaidia kujua la kumuuliza mtu kabla hajaweka shamba lake dhamana, na kwa kiwango changu inaishia hapo.

Nawashukuru ninyi, mlionivumilia wakati kanuni ilipowaruhusu kunitoa. Yule mama wa vitenge naye alipita hesabu, tena kwa alama za kunizidi. Mume wangu alipika miezi yote ile, na anapika vibaya, nasi tukala. Na dada wa kaunta alijifunza kazi yangu yote, akaijua, asiiombe hata siku moja. Sijui kama mimi ningeweza.

Kwa anayehangaika na masomo ukubwani, neno langu ni dogo. Jibu kwanza ulichoulizwa. Mengine unayoyajua hayaendi popote, utayafikia ukiwa umepumzika kidogo.

Mimi bado sijapumzika. Naomba nikae.